Figo ya Micah

Elburgon,
9 Februari 2024

Kwa dada yangu Chepkorir,

Pokea salamu za watu wote wa nyumbani. Tu wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Viazi vimekubali. Ng'ombe mwekundu amezaa ndume tena, sijui nilimkosea nini. Mdogo wetu Cheruto alishuka kutoka Olenguruone wiki jana. Ualimu umemnenepesha na kumfunza maneno mengi. Anakusalimu.

Haya. Umesema kwenye simu mimi nafoka, eti nikiwa na neno niliandike ulisome ukiwa umeketi. Nimeandika. Barua ya mwisho kuandika nilikuwa naomba kazi kwa mwenye kiwanda cha mbao, na hajanijibu mpaka leo, ingawa kila siku ananiona kwenye mashine yake. Wewe utanijibu, maana tuna mali ya pamoja.

Figo yangu iko aje? Huu ni mwaka wa pili tangu niipeleke Nakuru ikiwa ndani yangu na kurudi Elburgon bila hiyo, na wewe taarifa unanipa kwa kijiko. Nasikia pia kwamba yule fundi wa simu, Muiruri, bado anakuja hapo kwako kunywa chai. Sitaki kusema mengi. Nasema tu kwamba nilipolala kwenye kile kitanda sikujua naipeleka figo ikapikie fundi wa simu chai.

Ndani ya gunia la viazi kuna mtungi wa lita tano wa supu ya mizizi, kama kawaida. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, usiongeze chumvi. Figo hiyo imekulia kwenye supu hiyo. Najua inataka nini.

Ni mimi kaka yako,
Micah


Rhonda, Nakuru,
2 Machi 2024

Kwa ndugu yangu Micah,

Asante kwa barua na viazi. Nilikuwa nimekaa nilipoisoma, na nilicheka mahali pa ng'ombe. Hapa ni kazi tu. Wazazi wote wa Rhonda wamekumbuka siku moja kwamba watoto wao hawana sare, na mashati ya shule yamejaa mpaka kitandani. Nimetuma kitambaa cha sufu kwa goti la Mama. Afunge akiwa anakwenda kulala, si anapokwenda kanisani kuonyesha watu.

Muiruri anapika chai mwenyewe, na anakusalimu.

Nilienda kliniki. Daktari Karishma hakupenda kiwango fulani kwenye damu yangu, akasema nirudi kipimwe tena. Usipige kelele, wao hupima kila wakati. Lakini kuna jambo nataka nikueleze polepole, kwa sababu siku walipotueleza wewe ulikuwa unaugulia mishono na Mama hakuwepo. Kila mwili una kinga, na kazi ya kinga ni kumtambua mgeni na kumfukuza. Figo yako kwangu ni mgeni, hata kama tumenyonya titi moja. Vidonge ninavyomeza asubuhi na jioni vinailaza kinga yangu ili isimwone. Mtu kama mimi haongezwi kinga, Micah. Anapunguzwa.

Kwa hivyo nimefikiri labda supu isubiri kidogo. Viazi vinanitosha.

Msalimie Mama sana. Mwambie nilimwota.

Chepkorir


Elburgon,
20 Machi 2024

Chepkorir,

Sisi hatujambo. Mama amefunga kitambaa na amekwenda nacho kanisani, akakionyesha watu.

Sasa wewe. Nimesoma barua yako mara mbili, nikampa hata Kipngeno jirani asome, maana nilidhani macho yangu yameharibika. Kupunguza kinga! Tangu korona dunia nzima inaongeza kinga, mpaka mbuzi wanapewa tangawizi, na dada yangu peke yake yuko Nakuru anapunguza. Na anayemwambia apunguze ni mtu aliyesoma kwenye vitabu, hajawahi kuuona mzizi ukichimbwa.

Nilikupa kitu kilichotoka ndani ya tumbo langu. Ulikipokea bila kuuliza kilikotoka wala kimelishwa nini. Supu ndiyo unaiuliza maswali? Asante ya punda ni mateke, lakini mimi nilitarajia punda angalau angoje mwaka wa tatu.

Nimetuma mitungi miwili. Kila Jumapili baada ya kanisa nitapiga simu ya video, na utakunywa nikikuona. Kama huwezi kunywa kikombe cha supu kwa ajili ya mtu aliyepasuliwa kwa ajili yako, niambie wazi, nijue nilimpa nani figo.

Micah


Wodini, Nakuru,
11 Mei 2024

Kwa ndugu yangu Micah,

Natumaini mvua imewafikia na viazi vya pili vimepandwa. Mwambie Cheruto nimepata ujumbe wake, na soksi alizotuma zinanitosha ingawa miguu imevimba.

Naandika kutoka wodini. Nimelazwa wiki ya pili. Sikutaka ujue kwa simu, hasa si Jumapili, ndiyo maana nilikuambia simu imeharibika. Haijaharibika. Simu haiwezi kumharibikia mpenzi wa fundi, hilo ungelifikiria.

Figo inakataliwa. Walinichoma sindano ndefu mgongoni, hapana, si mgongoni, mbele, hapa kwenye nyonga walipoiweka, wakatoa kipande kidogo wakakitazama. Halafu wakapima damu. Daktari Karishma alivuta kiti akaketi, na daktari akivuta kiti ujue. Alisema wamekuta kingamwili kwenye damu yangu ambazo hazikuwepo mwaka jana. Nilimuuliza hizo zinatafuta nini. Akasema, "Zinatafuta figo ya kaka yako, Chepkorir. Si nyingine. Hiyo tu." Ile kinga iliyokuwa imelazwa imeamka, imeitambua, na sasa mwili unatengeneza silaha za kuipiga. Wanaweza kunisafisha damu kuziondoa na kunipa dawa kali, lakini zikishajifunza ni vigumu kusahau.

Aliniuliza maswali mengi. Nimejibu.

Usije. Wakati huu watu wa kukohoa hawaruhusiwi, na wewe unakohoa vumbi la mbao tangu utoto. Mwombe Mama aniombee.

Chepkorir


Elburgon,
30 Mei 2024

Chepkorir,

Tumepata barua. Hatujambo ni uongo, kwa hivyo siandiki.

Ulijibu nini ulipoulizwa? Umeandika "nimejibu" ukaweka nukta, kama mwanafunzi aliyefeli. Mimi si mjinga. Kipngeno ana binamu muuguzi, na huyo binamu anasema figo ya ndugu haikataliwi hivi hivi. Anasema mara nyingi mgonjwa huwa ameacha vidonge. Anapata nafuu, anajiona mzima, anaanza kusahau. Anasahau Jumatatu, anasahau Jumanne, anakwenda na mpenzi wake kula samaki Naivasha na vidonge vinabaki chini ya cherehani.

Nimemwambia Mama hivyo. Jumapili nilisimama kanisani wakati wa maombi, nikasema ile figo waliyoichangia kwa maombi na kuku imetupwa. Sikutaja nani kaitupa, lakini Elburgon si mji mkubwa. Mama alilia njia nzima kurudi. Hapokei simu zako kwa sababu hiyo, usiseme mtandao ni mbaya.

Jambo la mwisho. Cheruto alisema mezani, mdomo umejaa ugali, kwamba yeye ana figo mbili na hajui ya pili anaitumia wapi. Mama aliweka sahani chini. Akasema mtoto wake mwingine hatapasuliwa kwa ajili ya mtu asiyemeza dawa. Na mimi nakubaliana naye.

Mgongo wangu unauma upande ule kila baridi. Sikuwahi kukuambia. Sasa nakuambia.

Micah


Rhonda, Nakuru,
14 Julai 2024

Micah,

Salamu kwa wote. Nimeshona gauni la Mama la buluu, la kola pana kama anavyopenda. Liko kwenye mfuko huu. Kama hatalivaa asiniambie, alikunje tu.

Figo imekufa. Mara mbili kwa wiki nakaa kwenye mashine inisafishe damu, na siku ya pili sina nguvu ya kukanyaga cherehani. Muiruri ndiye anayenipeleka na kunirudisha. Nakuandikia hilo ulimeze bila chumvi.

Nilikuwa sitaki kusema kitu hiki. Niliamua kwamba mtu aliyetoa figo asibebeshwe mzigo mwingine. Lakini umesimama kanisani, Micah. Umemfanya mama yangu asinipokee simu.

Sijakosa kidonge hata kimoja. Daktari Karishma alipoona kiwango cha dawa kwenye damu kimeshuka nusu, alifikiri kama wewe. Alinifokea mbele ya wanafunzi wake. Ikabidi Muiruri alete makasha yote, matupu na yenye dawa, wakayahesabu. Hayakupungua wala kuzidi. Ndipo akauliza, "Kuna kitu kingine unakunywa?" Nikasema chai. Akauliza tena, nikamwambia. Alitaka kuiona, na Muiruri akaleta ile iliyobaki chini ya mtungi.

Ile mizizi inafanya ini lichome dawa haraka kabla haijafanya kazi. Mimi nilikuwa nameza vidonge, na supu inavitoa. Na juu ya hapo inaamsha kinga, kama ulivyotaka. Iliamka vizuri sana.

Utauliza kwa nini nilikunywa na nilikuwa nimeambiwa. Kwa sababu mwaka jana niliweza kuionja tu, lakini mwaka huu ulianza kuhesabu vikombe na kunitazama kwenye simu. Kwa sababu tangu siku ile ya upasuaji hujawahi kuuliza mimi niko aje, unauliza figo yako, na kila ukiuliza najiona kama mpangaji. Ningekuambiaje hapana? Mtu aliyekupa figo hana swali unaloweza kulijibu hapana. Nilikasirika kila kikombe, na nilikimaliza.

Mwambie Mama. Sitaki usimame kanisani. Mwambie yeye tu, jikoni, kwamba sikutupa kitu.

Chepkorir


Rhonda, Nakuru,
6 Oktoba 2024

Micah,

Miezi karibu mitatu hujaandika. Viazi vinafika, barua haifiki. Safari hii hakukuwa na mtungi, kwa hivyo najua ulisoma.

Mama bado hapokei simu. Kwa hivyo najua pia hujamwambia.

Sasa sikiliza, maana hili hamlijui. Cheruto alikuja hapa likizo ya Agosti. Aliwaambia ana semina ya walimu. Hakukuwa na semina. Alikwenda maabara akatolewa damu, akarudi hapa akanilia chapati zote, akisema, "We ngoja tu, figo yangu haina maneno mengi kama ya Micah." Nilicheka mpaka nikalia. Ndugu yangu, nilipata tumaini, na tumaini lilinifanya nianze tena kupokea kazi za Desemba.

Majibu yametoka. Walichukua damu yangu wakaichanganya na chembe zake, na damu yangu ikazishambulia hapohapo. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Kila mtoto anapata nusu ya alama zake kwa mama na nusu kwa baba. Wewe na mimi tulipata nusu moja kwa Mama, lakini kwa marehemu Baba kila mmoja alipata yake. Ile nusu ya Baba uliyo nayo wewe ndiyo kinga yangu ilijifunza kuichukia. Cheruto anayo hiyohiyo. Kwa damu yangu, Cheruto ni wewe.

Watu wengine wa ukoo wanaweza kupimwa, lakini alisema nisikae nikingoja, kwa sababu kingamwili zenyewe ni nyingi na zinashika wengi. Cheruto alilia kwenye ngazi za maabara kama mtoto aliyenyimwa kwenda sherehe.

Kwa hivyo sikuombi figo ya mtu. Hilo limekwisha. Nataka mama yangu. Nakuuliza kwa mara ya mwisho, umemwambia? Unaogopa nini? Aibu ya siku moja? Mimi nimekaa na yangu tangu Mei, na si yangu. Kama huandiki, nitapanda gari nije nimwambie mwenyewe, hata kama nitafika nimebebwa.

Chepkorir


Elburgon,
27 Oktoba 2024

Kwa dada yangu Chepkorir,

Usije. Tafadhali. Soma kwanza mpaka mwisho.

Nimejaribu kuandika barua hii mara nyingi. Nilikwenda mpaka Molo kuuza viazi nikafikiri nitakaa hotelini niandike, nikanywa chai nikarudi.

Sijamwambia Mama kwa sababu supu ilikuwa yake.

Unakumbuka uliporudi nyumbani baada ya upasuaji. Ulikuja na ile karatasi ya hospitali, ukakaa jikoni wanawake wa kanisa wakiwepo, ukasema, "Mama, na zile dawa zako za miti basi tena, daktari amekataza." Ulisema vizuri, hukumkosea heshima. Lakini wewe unajua ni watoto wangapi wa huu upande amewainua kwa mizizi yake, na wale wanawake wengine walikuwa ni mama zao. Alisema, "Sawa, mama." Akaendelea kumenya viazi. Sikudhani ni kitu.

Baada ya wiki mbili akaniita kwenye ghala. Alikuwa amechimba mwenyewe, na goti lile, mpaka ukingo wa msitu. Amechemsha na mifupa tangu alfajiri. Akaniambia, "Kwangu atakataa. Kwako hawezi kukataa." Akaniambia nisitaje. Mimi sijui hata mzizi wenyewe unafananaje, Chepkorir. Yale maneno yote ya figo yangu inataka nini, nilikuwa najaza hewa. Mimi pia nilimsikia daktari siku ile, hata na mishono yangu. Nilisema moyoni, ya daktari ni ya daktari na ya Mama ni ya Mama, hakuna mama anayemdhuru mtoto. Na nilipenda kwamba hukuweza kukataa. Hilo nalo ni kweli, liwe hapa pamoja na mengine.

Nilisimama kanisani nikijua ni vidonge. Niliamini. Barua yako ya Julai ilinikuta kwenye mashine ya mbao na nikaizima, nikaketi juu ya magogo, na mwenye kiwanda akauliza kama ni kifo.

Nimeacha kupeleka mitungi. Nilimwambia hospitali imekuwekea maji ya kipimo, huruhusiwi supu. Anauliza kila wiki kama bado. Na jioni, tukiota moto, husema neno moja, kila jioni, Chepkorir. Anasema, "Kama si ile supu, angekufa zamani." Husema huku ameshika goti. Nafikiri ndilo neno linalomlaza usingizi.

Nifanye nini? Ukisema nimwambie, nitamwambia. Nimeandika hivyo na ninamaanisha. Lakini useme wewe. Mimi nimeshindwa kuamua.

Gauni la buluu amelivaa mara moja, ndani ya nyumba.

Micah


Rhonda, Nakuru,
15 Novemba 2024

Kwa ndugu yangu Micah,

Salamu kwako na kwa wote. Barua yako ilifika siku ya mashine, nikaisoma mirija ikiwa mkononi, kwa hivyo sikuweza kuirarua.

Nimekuchukia siku nyingi. Bado sijamaliza, usifikiri kwa sababu umeandika vizuri. Umenichukulia mama kwa nusu mwaka, na hata sasa unaniletea mimi uamuzi kama mtu anayeleta kuku aliyekufa akiuliza achinjwe au asichinjwe. Na Mama nimemkasirikia pia. Ningekuwa na nguvu ningekuja nimfokee mpaka majirani watoke. Halafu namwona anachimba ukingo wa msitu na lile goti, na siwezi kuendelea.

Usimwambie.

Mwambie kwamba nimekubali. Mwambie umeniuliza nikakiri, ni kweli nilikuwa nasahau vidonge, naomba anisamehe. Akishasamehe mpe simu nimsikie. Cheruto asijue, maana yeye hawezi kunyamaza hata akilala.

Na akichemsha tena supu, ipokee. Sema nimeshukuru. Ukifika barabarani imwage, lakini nenda mbali na nyumbani, upande ambao hapiti akienda kuchota maji.

Chepkorir